Hata Masikio Yake

Machi 8, Jumamosi

Mvua imeanza, na kwa dobi mvua ni msiba mtupu. Leo nimeanika mashuka ya nyumba ya wageni mara tatu, na mara tatu nimeyaanua mbio mbio huku nikinung'unika peke yangu. Mwishowe nimefunga kamba ndani: sebuleni, ukumbini, hadi juu ya meko. Mama alipokuwa anakwenda kulala akakutana na shuka mlangoni. Akalishika, akasema, "Pisha basi, wewe nani?" Nikacheka. Akauliza tena, "Nimesema, wewe nani?" Nikaacha kucheka, nikaenda kulisogeza.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Nyumba hii tuko wawili tu, mimi na yeye, na kuna mambo siwezi kumwambia mwenyewe.

Machi 9

Hazijakauka hata soksi.

Machi 12, Jumatano

Mama ameunguza shati la Bwana Suti. Alama ya pasi imekaa mgongoni, kahawia, nzima na ncha yake.

Huyu ni mwanamke aliyenifundisha kazi. Enzi zake aliweza kuliona doa kabla mwenye shati hajajimwagia. Pasi ya mkaa ni ile ile aliyoitumia mimi nikiwa tumboni, lakini leo anasema, "Pasi imekuwa kali siku hizi."

Bwana Suti tunamwita hivyo kwa sababu huvaa suti hata akienda kununua nyanya. Aliligeuza shati, akalitazama weee, nami nikajiweka tayari kwa matusi. Akasema taratibu, "Haidhuru. Koti litafunika."

"Na siku ya joto?"

"Dada, umewahi kuniona bila koti?"

Kwa kweli sijawahi. Alipoondoka, Mama akaniuliza kama amekasirika. Nikamwambia hata hakuiona alama. Amefurahi, maskini.

Machi 14, Ijumaa

Jioni mvua ilipumzika, mawingu yakaachana upande wa mashariki, na mwezi mpevu ukatoka. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyepata mgeni.

"Njoo! Njoo umwone mdogo wako."

Mdogo wangu amekufa. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kijiti, kwa wembamba wake, na ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa Mama. Alikuwa anajenga daraja mbali na hapa. Masika ya mwaka ule mto ukafurika, ukamchukua yeye na wenzake. Miili ya wenzake ilipatikana, wake haukupatikana. Hatukuzika. Mama hakulia, alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaletwa, akarudi kwenye pasi yake. Huu ni mwaka wa nne.

Picha yake iliyobaki ilikuwa moja tu, ukutani. Zingine zilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikwenda naye. Mwaka jana paa likavuja usiku kucha, maji yakaingia nyuma ya kioo cha picha, yakafuta uso. Vikabaki shati na viatu. Tangu hapo Mama anamwona Kijiti mwezini.

"Unamwona? Kainamisha kichwa. Anaangalia huku."

Mimi nimeangalia. Nimeona madoa. Mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote anajua doa: lile la juu ni kama chai iliyokauka, yale ya chini ni kama kutu ya kibanio. Uso hakuna. Nikasema, "Mm." Hii "mm" yangu ni kama gauni la mpira kiunoni, inamtosha kila mtu.

Sasa niandike lililoniuma ili lisinikae kooni. Nilikuwa nimekaa karibu naye, bega kwa bega. Uso wangu hauoni. Akitaka kunijua ananipapasa au anasikiliza ndala zangu. Lakini yule aliye kule juu anamwona, tena na kichwa alivyokiinamisha.

Machi 15

Mvua. Nimemfokea Mama kwa sababu ya kibanio kimoja. Nimejuta kutwa nzima.

Machi 21, Ijumaa

Amekuja jirani yetu Mama Redio. Hana redio, yeye mwenyewe ndiye redio. Anasema madaktari wa macho wamefika hospitali kubwa na watakaa mpaka mwisho wa Mei, kisha wanahama. Mjomba wake aliingia pale ameshikwa mkono, akatoka anasoma vibao vya barabarani kwa sauti, vyote, mpaka wakamwomba anyamaze.

Nikamuuliza, Mama akiwa jikoni, yeye huona nini mwezini.

"Mimi? Jogoo. Tangu utoto wangu ni jogoo, amesimama hivi, mkia huku. Kwani wewe huoni jogoo?"

"Naona doa la chai."

"Aa, wewe kazi imekuharibu," akasema.

Machi 26, Jumatano

Tumekwenda hospitali. Daktari ni binti mdogo, mchangamfu, vidole vyembamba. Akammulika Mama macho, angalia juu, angalia chini, kisha akatabasamu kama mtu mwenye habari njema.

"Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Wa kulia amekomaa kabisa, tuanze na huyo. Tutamtoa, tutaweka lenzi, utaona kama zamani."

Mama akageuza uso kuelekea sauti yake. Halafu akauliza, "Mkishamtoa mnampeleka wapi?"

Daktari akacheka, akidhani mzaha. "Anatupwa tu, mama. Hana kazi yoyote."

Nilimwona Mama akiushika mkono wa kiti. Tulipofika nyumbani, hata kanga hajavua, akasema, "Simtoi."

"Humtoi nani?"

"Mtoto."

"Mama, lile ni jina tu! Ni ukungu umeingia kwenye jicho. Neno hili umelisikia tangu uko msichana. Hata Bibi alikuwa naye."

"Najua ni jina, usinifanye punguani. Lakini mbona hawakumwita mzee wa jicho? Mbona hawakumwita mgeni wa jicho?" Akakaa. "Mmoja nilimtoa mimi mwenyewe humu ndani. Nguo zake nilizikunja kwa mikono hii, nikamwambia nenda mwanangu, kazi ni kazi. Akatupwa mtoni. Huyu wa pili simtoi. Tena huyu ndiye anayenionyesha mwenzake."

Nilikuja na hoja zangu nikidhani nabishana na mzee aliyechanganyikiwa, kumbe amelifikiria jambo lake kuliko mimi. Ni kweli kwamba uso ulianza kuonekana macho yalipoanza kwenda. Akitolewa ule ukungu, mwezi utakuwa mwezi. Asipotolewa, daktari aliniambia pembeni, hata huo mwezi atakuja kuukosa.

Machi 30

Nimembembeleza. Hataki.

Aprili 3, Alhamisi

Nimemnunia. Hataki.

Aprili 5

Nimemtuma Mama Redio, ambaye ameweza kumshawishi mchuuzi mmoja arudie dini yake. Ametoka akifuta machozi, anasema, "Mwache mwenzangu na mtoto wake." Asante sana, Redio.

Aprili 9, Jumatano

Mama ameungua.

Nilikuwa nimepika wanga wa kutia mashuka, nikauepua na kuuweka chini upoe, karibu na beseni la kusuuzia. Nikatoka nje mara moja kuangalia kamba. Nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Alikuwa ametumbukiza mkono kwenye sufuria ya wanga akidhani ni maji ya kusuuza. Wanga unanata, hata ukiutoa mkono, moto unatoka nao. Nikauchovya mkono wake kwenye maji baridi, huku nafoka, nafoka, sijui namfokea nani. "Umeona? Umeona sasa? Unataka nini, uingie mzima ndani ya sufuria?"

"Nilitaka kukusaidia," akasema. "Nyumba imejaa nguo, wewe peke yako."

Ngozi ya vidole imevimba malengelenge. Amelala. Mimi hapa najiona mbaya, na nina hasira, na naogopa. Leo ni mkono. Akitoka barabarani je? Nimemzika, au tuseme sikumzika, mtu mmoja. Mama simtoi.

Aprili 12, Jumamosi

Nimesema uongo. Ngoja niuandike jinsi ulivyokuwa.

Kabla jua halijazama mbingu ilifunguka, na mwezi ukaonekana juu ya paa la Mama Redio, umebakiza kidogo tu kujaa. Mama akatoka na mkono wake uliofungwa, akakaa ngazini. Akaangalia sana. Nikamsikia akihema.

"Leo hatulii," akasema. "Anakuja anapotea. Wewe unamwona?"

Ningeweza kusema "mm." Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikasema, "Namwona."

Akageuka upande wangu. "Kweli?"

"Kweli, Mama. Namwona vizuri."

"Yukoje?"

Hapo ndipo pagumu. Nikatafuta uso wa Kijiti kichwani mwangu ili nimweleze, na sikuupata. Naapa sikuupata. Pua, macho, mdomo, vyote vimeteleza. Mtu niliyemwogesha, niliyempiga kwa kuiba sukari! Kitu pekee kilichonijia ni masikio yake, yale yaliyosimama kama vipini vya sufuria, tuliyomtania nayo mpaka akawa anavaa kofia ndani ya nyumba.

"Mpaka masikio namwona," nikasema. "Hata masikio yake."

Mama akacheka. Ni kicheko ambacho sijakisikia tangu daraja lile. "Masikio! Mimi masikio sijawahi kuyapata, ukungu umeyafunika."

"Si unaona? Ukitolewa huo ukungu utamwona kama mimi ninavyomwona. Zaidi, maana wewe ndiye mama yake."

Akaupapasa mkono wake uliofungwa. Kisha akasema, "Basi nipeleke."

Nimeingia ndani nikajifanya napanga mkaa. Nimeshinda.

Aprili 16, Jumatano

Mama amemwambia Mama Redio, kwa hiyo mtaa mzima unajua: dobi anamwona marehemu mdogo wake mwezini, na masikio. Leo Mama Redio mwenyewe kaja kuniambia kwamba jana aliangalia vizuri, na kwa kweli, ukitulia, masikio yapo. Jogoo wa miaka yote kafukuzwa. Nikataka kumwambia arudi kwa jogoo wake.

Aprili 22

Mvua usiku na mchana. Ukungu wa fangasi umeingia kwenye taulo za nyumba ya wageni. Nimezichemsha upya.

Mei 1, Alhamisi

Mama anahesabu vidole kungojea siku yake. Ananiuliza kila mara: anavaa nini? Amenyoa? Nami najibu. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Siku hizi unatoka wenyewe. Leo nimempa Kijiti ndevu kidogo. Mama amesema zinampendeza.

Mei 6, Jumanne

Jicho la kulia limefanyiwa. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupiga pasi shati moja. Limefungwa bandeji mpaka kesho. Usiku huu ananiambia anasikia mwanga ndani ya kitambaa.

Mei 7, Jumatano

Daktari ameifungua bandeji. Mama akapepesa, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake na makovu ya wanga, kisha akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi na shukrani. Akasema, "Mbona umezeeka hivi?"

Daktari akaangua kicheko. Mimi nikacheka na kulia pamoja. Mama akaninyooshea mkono, akanishika nywele za mbele. "Na mvi hizi? Zilikuja lini?"

"Ulikuwa unaangalia kwingine, Mama."

Nilisema kama mzaha, lakini ilitoka chini kabisa. Akanikazia jicho lile jipya, akanisoma uso mzima, paji, mashavu, kidevu, polepole, jinsi alivyokuwa akikagua shati kabla ya kulikunja. Sijui mara ya mwisho kutazamwa hivyo ilikuwa lini. Nilitamani asimalize.

Nyumbani amekuta buibui kila pembe. Amenisema mpaka jioni, nami nimefurahi kama mjinga.

Mei 8

Mvua. Ashukuriwe Mungu.

Mei 9, Ijumaa

Dobi anayeomba mvua izidi! Bwana Suti amekuja kuulizia suruali yake, nikamwambia bado mbichi, akasema, "Na hali ya hewa wanasema kesho jua." Nikamjibu vibaya hata akarudi nyuma hatua. Maskini, hii si suruali ya kwanza kumcheleweshea, na hajui ni nini alichonitisha nacho.

Mei 10, Jumamosi

Jua limewaka tangu asubuhi. Nguo zote zimekauka. Kufikia saa tisa kamba zilikuwa tupu, na mbingu haikuwa na wingu hata la kusingizia.

Mama alioga mapema. Akavaa gauni lake la kutokea, lile la kijani, akajipaka mafuta, akafunga kilemba. Nikajua. Mwezi ulipopanda juu ya paa la Mama Redio bado kulikuwa mchana kweupe.

"Mama, kuna upepo. Daktari alikataza."

"Daktari alikataza maji na vumbi. Lete kiti."

Nikaleta. Angeniambia nimletee moto ningemletea. Akakaa, akaweka mikono mapajani, akainua uso.

Akaangalia.

Akasogeza kiti kidogo kushoto, akaangalia tena.

"Mwezi ni ule?"

"Ni ule, Mama."

"Hakuna mwingine?"

"Mwezi ni mmoja, Mama."

"Jua bado kali," akasema. "Tungoje."

Tukangoja. Jua likazama. Mwezi ukakolea, ukawa wa njano kisha mweupe, safi, kila doa mahali pake. Sijawahi kuuona safi hivyo. Mama akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Nionyeshe masikio," akasema.

Niandike hili hata kama ni aibu: niliinua mkono. Nilitaka kweli kumwonyesha. Kidole kikabaki hewani, hakijui kiende wapi.

"Wewe uliyaona. Macho yako ni mazima. Nionyeshe na mimi niyaone."

Nikashusha mkono. "Sijawahi kuyaona, Mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Hata masikio?"

"Hata masikio."

Aliposema, hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Mimi nilijua sioni vizuri. Nilijiambia labda ni macho tu yananichezea. Lakini wewe ukasema unamwona. Nikasema, basi. Kama mwenye macho anamwona, basi yupo."

"Nisamehe, Mama. Nilitaka upone."

Akautazama mwezi tena, kidogo tu, kama mtu anayeangalia chumba kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga.

"Kwa hiyo amekufa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Lini?"

"Masika yale ya daraja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, Mama."

"Hamkuniambia hivi."

Ndipo alipolia. Kilio cha miaka yote hiyo kilitoka kwa mkupuo mmoja, kwa sauti, akiwa kwenye kiti, mikono bado mapajani, gauni lake la kijani limenyooka vizuri. Mimi nikiomba jicho lisidhurike, nikimwambia usilie Mama, jicho, jicho. Na yeye akilia. Mama Redio akaruka ua akaja. Akakaa chini miguuni pake, akamshika, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutangaza neno.

Nami nilitaka kulia nikaona sina haki. Nikaenda kukunja nguo.

Mei 11

Hasemi nami.

Mei 13

Hasemi nami. Mama Redio akija, Mama anamwambia, "Mwambie dobi sabuni ya unga imekwisha." Mimi nimesimama hapo hapo. Mama Redio ananiambia, "Sabuni imekwisha." Nasema, "Nimesikia." Anamgeukia, "Amesikia." Siku nyingine ningecheka.

Mei 17, Jumamosi

Anafanya kazi. Amerudi kwenye pasi, na mashati yanatoka kama mapya kutoka dukani. Jicho limepona vizuri. Anaona uzi, anaona vumbi, anaona kila kitu isipokuwa mimi. Ananipita kama lile shuka la mlangoni, tena lile alau aliliuliza wewe nani.

Nilidhani nilichukia kwamba anamwangalia Kijiti na kuniacha mimi. Sasa haangalii Kijiti wala mimi. Usiku nimejaribu tena kuupata uso wa mdogo wangu, nimefumba macho, nimebana, bado sipati. Yeye angeweza kuniambia. Lakini nitamuulizaje?

Mei 21, Jumatano

"Hapa hujasuuza."

Ni Mama. Amenishikia mkono wa shati, ananionyesha mstari wa sabuni. "Hapa. Na hapa. Macho unayo ya nini?"

Nimelisuuza shati lile mpaka maji yakachoka. Nilikuwa nalia kwa furaha ndani ya beseni, na yeye aliona.

Mei 28, Jumatano

Tumekwenda hospitali, kwa sababu madaktari wanaondoka Ijumaa. Binti daktari amefurahi sana na jicho la kulia. Akamwambia Mama asome herufi ukutani, Mama akazisoma zote na kuongeza kwamba ukuta unahitaji kufutwa.

"Sasa huyu wa kushoto, mama. Kesho asubuhi tunamtoa."

"Huyu mwacheni."

Daktari akadhani hakusikia vizuri. Akaeleza upya: jicho la kushoto litaendelea kufunga, mwisho litakuwa giza, na hajui wenzake watarudi lini. Mama akatikisa kichwa kwa adabu. "Nimekuelewa, mwanangu. Lile la kulia nimewapa ninyi. Nitaonea mashati na mvi za huyu. La kushoto lina mwenyewe."

Daktari akanigeukia, amechanganyikiwa. "Dada, mwambie. Wewe anakusikiliza."

Kweli alikuwa akinisikiliza. Mama alikuwa ameshageuka, ananitazama kwa jicho lake zima, anangoja nitasema nini. Na maneno nilikuwa nayo, daima ninayo. Ningeweza kusema Mama, ukifanyiwa la pili ndipo mtu huona sawasawa, hili moja tu linapotosha. Angeweza hata kuniamini.

"Mimi nilishasema mara moja, daktari," nikasema. "Sisemi tena."

Tulirudi pamoja kwa miguu. Barabarani kulikuwa na matope, akanishika mkono, ingawa safari hii ni yeye aliyekuwa ananionyesha mimi pa kukanyaga.

Juni 2

Mvua ya mwisho, naona. Ilinyesha kama inayotimiza wajibu, ikaondoka.

Juni 9, Jumatatu

Masika yamekwisha. Kamba zote nne zimejaa, na mashuka ya nyumba ya wageni yanapiga makofi kwa upepo. Bwana Suti amekuja na shati lake la kuungua. Eti kalizoea, anataka lifuliwe kama mengine. Mama akaiona alama kwa jicho lake jipya, akauliza nani kafanya hivi. Bwana Suti akanitazama, mimi nikamtazama. Nikasema, "Ni wewe, Mama." Akaliangalia, akasema, "Eh! Pole, baba," na wakacheka.

Jioni, nikianua nguo, mwezi ulikuwa umeshatoka, mkubwa, umebakiza kidogo kujaa. Nikamwona Mama amekaa ngazini. Amefunika jicho la kulia kwa kiganja, lile zima, ameliziba barabara. Uso wake umeinuka.

Nikasimama na kapu. Sikujua kama nipite au nirudi.

"Yupo?" nikauliza.

"Kafifia. Lakini yupo." Kiganja hakukitoa. "Na wewe unaona nini? Sema kweli."

"Madoa, Mama. La juu kama la chai. Ya chini kama kutu."

"Mm," akasema. Hakukasirika. "Hata mimi, kwa jicho hili nililoziba. Jana niliangalia nalo. Madoa matupu. Usidhani nimechanganyikiwa."

"Sidhani, Mama."

"Hili la kulia limeshapata habari za msiba. Lile la kushoto bado halijaambiwa." Akakikaza kiganja. "Usiliambie."

Nikaweka kapu chini. Nikaenda kukaa upande wake wa kushoto, ambako mimi ni kivuli tu, nikamwomba anieleze Kijiti yukoje. Akaanza na paji la uso, akaja kwenye nyusi, na alipofika kwenye macho nikawa nalia bila sauti ili asikatishe.